Fulana ya AC/DC na bendi isiyotaka kufa

Najua nimekuwa kimya mno hapa kijiweni. Kazi za gazetini zilinibana, halafu nikapata likizo nikapanda basi kwenda kwetu Tunduma kumsalimia mzee. Nimerudi na mambo mengi kichwani, lakini leo nataka kuongelea muziki, na najua kuna watu nitawaudhi. Mnivumilie.

Ilianza hivi. Pale mtaani kwetu Sogea kuna fundi umeme ambaye tulisoma naye shule ya msingi. Nilimkuta kwenye kibaraza cha duka anamenya nyaya, kavaa fulana nyeusi iliyopauka kwa jua, kifuani imeandikwa AC/DC kwa herufi kubwa na radi katikati. Tunduma ni mji wa mpakani, marobota ya mitumba yanafunguliwa kila kukicha, kwa hiyo fulana ya bendi yoyote ya dunia hii unaweza kuikuta mgongoni mwa mtu anayesukuma mkokoteni kuelekea Nakonde. Nikamuuliza kama anawajua hao jamaa.

"Jamaa gani?"

"Hao wa kwenye fulana."

Akajiangalia kifuani, akaniangalia mimi kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma msomi. "Kaka, hii si ya watu. Hii ni umeme. AC na DC. Niliiona kwa mama wa mitumba nikasema hii sasa ndiyo sare yangu ya kazi."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Lakini ukweli ni kwamba fundi hakukosea sana. Bendi yenyewe ilipata jina kwenye kifaa cha umeme: dada yao wale ndugu wawili walioianzisha, Malcolm na Angus Young, aliyaona maandishi hayo kwenye cherehani, na jina likapita. Hiyo ilikuwa Sydney, Australia, mwaka 1973. Mwimbaji wao Bon Scott akafariki Februari 1980, watu wakasema basi, imekwisha. Mwaka huohuo wakamchukua Brian Johnson, wakatoa Back in Black, moja ya albamu zilizouzwa kuliko zote duniani. Malcolm naye akafariki 2017. Mwaka 2024 wakazunguka Ulaya wakijaza viwanja vya mpira, na Angus, mzee aliyezaliwa 1955, bado anapanda jukwaani na kaptula ya shule na kofia. Nikamsimulia fundi yote haya. Akasikiliza huku anaendelea kumenya nyaya, kisha akauliza swali moja tu.

"Sasa na sisi tunao wa hivyo?"

Nikajibu haraka kwamba tunao, tena wakubwa kuliko hao. Ndipo nikaanza kujiuliza mwenyewe kwa nini ilibidi niulizwe.

Bendi ninayoizungumzia ni Msondo Ngoma. Ilianzishwa 1964, miaka tisa kabla ya hao Waaustralia, ikiitwa NUTA Jazz kwa sababu mwenye mali alikuwa chama cha wafanyakazi, NUTA, ambacho nacho kilizaliwa mwaka huohuo. Wanamuziki walikuwa waajiriwa. Wana mshahara wa mwezi kama karani, vyombo ni vya ofisi. Mwishoni mwa miaka ya 70 chama kikageuka kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Mwaka 1991 kikawa OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Kisha OTTU nayo ikaenda na maji, na wanamuziki wakabaki na jina ambalo mashabiki walikuwa wakilitumia siku zote, jina la mtindo wao: Msondo, ngoma ya kienyeji ya huku Pwani ambayo wazee wanaijua kwenye unyago. Fikiria kidogo. Vyama vitatu vimezaliwa na kufa, bendi iliyokuwa mali yao imevizika vyote. Mkoa wangu wa Songwe umezaliwa 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, kwa hiyo Msondo inauzidi kwa zaidi ya nusu karne.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kuwaudhi watu. Kila tunapozungumzia bendi hizi, sisi vijana tuliosoma, tunaongea kama tuko msibani. Tunasema "enzi hizo", tunasema "muziki uliokuwa na ujumbe", tunaweka kipande cha dakika moja kwenye simu, tunaandika "zilipendwa", tunalala. Neno hilo zilipendwa silipendi hata kidogo. Liangalie vizuri: ni kitenzi, tena cha wakati uliopita. Zilipendwa, maana yake sasa hazipendwi. Unamwambia mtu aliye hai, anayepanda jukwaani wikiendi, kwamba alipendwa. Mashabiki wa Angus Young hawamwiti alipendwa. Wanampa hela ya tiketi.

Najua mtasema, wewe kijana wa juzi unajua nini kuhusu dansi. Nijibu. Nilikuja Dar kusoma chuo, na mwaka wa pili rafiki mmoja mtoto wa Ilala akanivuta Jumapili moja kwenda kuwaona Msondo. Nilikwenda kwa kumridhisha tu. Nilidhani nitakuta wazee sita wanasinzia na magitaa. Nilichokiona kilinishinda kueleza, lakini ngoja nijaribu.

Kwanza, hakuna haraka. Mtu aliyezoea shoo za siku hizi anashangaa. Wanaanza na nyimbo za kupasha, ukumbi nusu mtupu, wahudumu wanapita na trei. Wapiga gitaa wanaongea wao kwa wao kwa nyuzi: solo linauliza, la pili linajibu, ridhimu linawashikia mlango, besi linatembea chini yao kama mtu mzima anayewaangalia watoto wasianguke. Kisha saa zikisonga watu wanaongezeka, na hapo unaona kwamba ule mwanzo wote walikuwa wanawasha jiko. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kuna sehemu ya hadithi, taratibu, mwimbaji anakueleza mambo ya ndoa, talaka, rafiki aliyegeuka, safari iliyoharibika. Halafu kuna chemko. Waimbaji wanarudi nyuma, tarumbeta na saksafoni zinanyanyuka pamoja, mpiga tumba anabadilisha mkono, na ukumbi mzima unaingia kati bila kuambiwa. Hakuna anayepiga kelele "mikono juu". Hakuna haja. Chemko linaweza kuchukua dakika kumi, linaweza kuchukua robo saa, inategemea watu wanacheza vipi na nani anatunza. Mama mmoja wa makamo alitoka kwenye meza yake na noti moja, akaibandika kwenye paji la uso wa mwimbaji, akarudi kukaa kwa mwendo wa madaha kiasi kwamba mpiga solo aliufuata mwendo wake kwa gitaa mpaka alipokaa. Niliona kwa macho yangu. Hilo huwezi kulikuta kwenye rekodi yoyote, kwa sababu lilitokea mara moja tu.

Na ndiyo maana nasema muziki huu makazi yake ni ukumbini. Nyimbo tunazozijua za Msondo ni zile zilizorekodiwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, au zilizofyatuliwa sahani Nairobi. Ni picha ya pasipoti ya mtu. Anafanana, lakini hacheki.

Waaustralia walilijua hili mapema. Mwaka 1978, wakiwa na miaka mitano tu, walishatoa albamu ya laivu kutoka ukumbi wa Apollo kule Glasgow. Desemba 2009 walipopiga uwanja wa River Plate, Buenos Aires, waliweka kamera kila kona, na 2011 dunia nzima ikaona Waajentina wanavyoruka kama bahari iliyochafuka. Mimi ni mwandishi, nimetafuta: albamu ya laivu ya Msondo iliyorekodiwa kama inavyotakiwa sijaiona bado. Vipande vya simu vipo, sauti inapasuka, anayepiga picha anacheza, kamera inaangalia dari. Bendi ya zaidi ya miaka sitini, kazi yake kuu imeyeyuka usiku baada ya usiku.

Mwaka huohuo 1978, kwa taarifa yenu, ndio Msondo ilipopata pigo ambalo bendi nyingi zingekufa nalo. Muhiddin Maalim Gurumo, sauti yenyewe ya NUTA, akaondoka kwenda kuanzisha Mlimani Park Orchestra chini ya shirika la TTTS, lililokuwa la usafiri na teksi. Wengine wakafuata mkondo huo, akiwemo Hassani Bitchuka. Ndiyo hiyo Sikinde, ambayo 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Kwa maneno mengine Sikinde ni mtoto wa nyumba ileile, na mtoto huyo akawa mpinzani mkubwa. Mwaka 1985 Gurumo, Bitchuka na wenzao wakachukuliwa tena kwenda Orchestra Safari Sound kutengeneza mtindo wa Ndekule. Miaka ya 90 Gurumo alikuwa amesharudi nyumbani, OTTU Jazz. Shaaban Dede naye, mtu wa Bukoba, alipita Msondo, Sikinde, Bima Lee, Safari Sound, kila mahali akiacha wimbo kama mtu anayeacha mtoto kila kituo.

Ukiangalia hivyo utaelewa kwa nini bendi haikufa. AC/DC inaishi kama familia: ndugu, mpwa, rafiki wa ndugu. Msondo inaishi kama Simba au Yanga. Mchezaji anauzwa, anahama, anavaa jezi ya mpinzani, anarudi akiwa mzee, jezi inabaki. TX Moshi William, jina ambalo TX yake ilitokana na namba za magari ya wataalamu wa kigeni kwa sababu watu walimwona ni mtaalamu, alikuwa ndiye sauti ya Msondo kwa miaka mingi. Alifariki Machi 2006. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka mzee wangu alivyopaki lori nje ya nyumba na kukaa ndani yake na redio, hakushuka. Watu wakasema Msondo imekwisha. Haikwisha. Baadaye mwanawe, Hassan Moshi, naye akaingia akaimba palepale baba alipokuwa anasimama. Gurumo alifariki Aprili 2014. Dede alifariki Julai 2017. Jezi ikabaki.

Hili la Gurumo acha nilimalizie kwa sababu linanikereketa. Mwaka 2013 mzee huyo alitangaza kustaafu, na akasema wazi kwamba kwa miaka yote hiyo ya muziki, zaidi ya hamsini, hajawahi kumiliki gari. Diamond Platnumz akasikia, akampa gari mbele ya kamera. Nchi nzima ikapiga makofi. Kwa Diamond sina neno, alifanya alichokiweza na alifanya vizuri. Nawauliza waliopiga makofi: wangapi kati yetu tuliwahi kumlipia Gurumo kiingilio? Nyimbo zake tulizichukua bure redioni, tukazirudufu kwenye kanda, tukazishusha kwenye simu. Sheria ya hakimiliki tuliyo nayo ni ya 1999, na wanamuziki wengi wa zama zile wamelalamika kwa miaka kwamba mirabaha ni hadithi. Kilichobaki cha uhakika mkononi mwa mwanamuziki wa dansi ni hela ya mlangoni. Ule mshahara wa chama ulikufa na chama.

Mtu ataniambia kwamba mshahara wa chama ndio uliowafanya wasijifunze biashara. Kuna ukweli hapo. Tazama orodha ya bendi za mashirika zilizozimika mashirika yalipobinafsishwa au kufa: Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya bima, Tancut Almasi ya kule kwetu nyanda za juu, Iringa, ambayo wajomba zangu bado wanaigombea kama ukoo. Zilikuwa zinakula kwa mwajiri, mwajiri alipoondoka hakuna aliyejua kuuza tiketi. Na nitasema jingine ambalo mashabiki wa dansi hawapendi kulisikia: bendi zenyewe zimejifungia Dar. Tangazo mnalitoa kwa nani, kama siyo kwa walewale wa Ilala, Temeke na Magomeni? Wimbo mpya unatoka lini, na mtu wa Vwawa anaupata wapi?

Maana huku kwetu, wadau, shoo ya laivu imegeuka kitu kingine kabisa. Miaka michache iliyopita alikuja Tunduma msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina nalihifadhi, mabango mji mzima, kiingilio si haba. Watu walijaa. Wafanyabiashara wa kwacha, madereva, walimu waliotoka Mlowo, hata Wazambia walivuka kuja. Msanii akaingia saa saba usiku, akapanda na vijana wanne wa kucheza, akaimba juu ya CD. Siku hizi ni flashi, ila jina limebaki CD. Kipaza sauti anakishusha, sauti inaendelea kuimba yenyewe. Wimbo wa tatu, umeme ukakatika. Kimya. Kimya kile nitakikumbuka mpaka kufa. Jamaa kasimama gizani na kipaza sauti kilichokufa, vijana wake wanne wamesimama na mguu mmoja juu, hakuna mtu mwenye chochote cha kupiga. Fundi wetu, huyuhuyu wa fulana, ndiye aliyeitwa mbio kuangalia jenereta. Ilipowaka msanii alikuwa ameshaingia kwenye gari. Nyimbo mbili na nusu. Ninapomwambia mzee kisa hiki huwa ananijibu jambo lilelile: tarumbeta haitumii umeme.

Sisemi Bongo Fleva ni takataka, msije mkanielewa vibaya. Nimekua nayo, nazijua kwa moyo. Ninalosema ni kwamba mtu wa Tunduma ana hela yake ya kulipia muziki, ameshaonyesha, na anachouziwa ni flashi.

Jirani zetu ng'ambo wametupa somo ambalo linanisumbua. Miaka ya 70 kule Zambia, miji ya shaba, Kitwe na Ndola, kulikuwa na vijana wanapiga roki yao wenyewe, magitaa ya kukwaruza, mchanganyiko ambao siku hizi unaitwa Zamrock. Bendi kubwa ilikuwa WITCH, ya Emmanuel Chanda, waliyempa jina Jagari kwa kumfananisha na Mick Jagger. Bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukaporomoka, ukimwi ukaja ukawamaliza karibu wote. Jagari akabaki peke yake, akaingia machimboni kutafuta vito. Basi mzungu mmoja wa sahani huko Marekani akaanza kuzitoa upya rekodi zao, vijana wa Ulaya wakazipata, na mzee Jagari akarudi jukwaani akiwa na umri wa babu, akazunguka dunia, 2023 WITCH wakatoa albamu mpya. Inafurahisha, sikatai. Lakini fikiria: wenzake waliopiga naye zile nyimbo walishakufa. Makofi yalifika kwa mmoja. Je, na sisi tunangoja mzungu wa sahani? Bendi zetu bado zinapiga, hatuhitaji mtu wa kuzifukua.

Sasa nifike kwa mzee wangu, maana yeye ndiye sababu halisi ya mimi kuandika yote haya.

Mzee alikuwa dereva wa malori, njia ya Dar, Lusaka, Ndola, kwa miaka karibu thelathini. Kwenye lori lake kulikuwa na kanda za JUWATA na OTTU zilizorudufiwa kwenye vibanda, zile ambazo jalada limeandikwa kwa kalamu ya wino. Nyimbo za Msondo nilizijua kabla ya kujua kusoma. Anajua nani alipiga solo wapi, nani alijibu wapi, anaweza kubishana mpaka chakula kipoe kuhusu nani aliimba ubeti wa pili. Lakini mtu huyu hakuwahi kuwaona. Hata siku moja. Kila alipokuwa Dar alikuwa bandarini kwenye foleni ya kupakia. Bendi ilipokuja Mbeya, anasema, yeye alikuwa amekwama Nakonde na makaratasi. Miaka yote hiyo, mapenzi yote hayo, hajawahi kulipa hata shilingi moja mlangoni.

Mwaka 2022 alikuja Dar kutibiwa macho. Jumapili moja kabla ya kurudi nikamwambia, baba, vaa, tunatoka. Hakuuliza. Alipoona bango la Msondo mlangoni alisimama kidogo, akarekebisha kola ya koti, akakataa katakata nisimlipie. Akatoa noti zake mwenyewe akamhesabia yule dada wa mlangoni polepole, moja moja, kama anayelipa ushuru.

Alikaa. Hakucheza. Nilianza kuogopa kwamba nimekosea. Kisha wakapiga wimbo mmoja wa zamani, nami nikauona mkono wake juu ya meza: kila tarumbeta zinapokaribia kuingia, kiganja chake kinaanguka nukta moja kabla. Hakukosea hata mara moja. Wimbo ukaingia chemko. Ukaendelea. Ukaendelea. Mzee akaanza kutazama huku na huku, akaniinamia sikioni.

"Mbona hawamalizi?"

Nikamwambia wimbo ndivyo ulivyo, baba. Akatikisa kichwa. "Unaishia pale tarumbeta ya pili inapoingia. Pale palepale."

Ilinichukua muda kuelewa. Kwenye kanda yake, wimbo ule ulikuwa wa mwisho upande wa kwanza. Aliyerudufu kanda hakupima, utepe ukaisha katikati ya chemko, kach, unageuza upande. Kwa miaka zaidi ya ishirini, kutoka Dar mpaka Ndola na kurudi, mzee wangu alijua kwamba wimbo ule unaishia pale. Na mimi pia. Tulikuwa tumekaa pale ukumbini, baba na mtoto, tunasikia mwisho wa wimbo wetu kwa mara ya kwanza, na wanaoupiga hawakujua.

Alinyanyuka, akaenda mbele na noti ya elfu tano. Sikumwona akirudi mezani hadi wimbo uliofuata ulipokwisha. Njiani kwenye teksi alilalamika kuhusu bei ya soda mpaka tukafika.

Turudi Sogea. Nilimpigia fundi hadithi hii yote, akaacha nyaya zake, akaniuliza gharama ya kuwaleta watu hao Tunduma ni kiasi gani. Tukakaa kwenye kibaraza tukapiga hesabu nyuma ya karatasi ya boksi la taa. Watu kati ya kumi na tano na ishirini pamoja na vyombo, zaidi ya kilomita 900 za barabara kutoka Dar, malazi siku mbili, ukumbi, chakula, na posho inayoeleweka, siyo ya nauli tu. Jumla ilitutisha. Tukaigawa kwa viingilio mia tatu, ikatutisha kidogo. Tukaigawa kwa mia tano, tukanyamaza, maana yule wa flashi alipata zaidi ya hao.

Fundi amesema umeme wote na jenereta ni juu yake, hataki hata mia. Mzee ametoa elfu hamsini na ameniambia niandike jina lake la kwanza kwenye daftari. Mama wa mitumba ameahidi, baada ya kuuliza kama ni wale wa kwenye fulana. Mpaka naondoka Tunduma daftari lilikuwa na majina kumi na moja. Ukiwa wewe ni mtu wa Tunduma, Vwawa, Mlowo, Ileje, au una ndugu huko, nitafute. Kalamu ninayo.